Mtihani wa kuajiri mwandishi wa maelekezo unapima kitu kingine

Kila mwaka tangazo la aina moja hubandikwa kwenye ukuta wa kitivo chetu na kuzunguka katika simu zetu. Shirika fulani, mara nyingine kampuni ya migodi, linatafuta mtu wa kuandika karatasi za afya au maelekezo ya usalama kazini kwa Kiswahili. Masharti ni yale yale: diploma ya lugha, miaka mitano ya kazi, Kiswahili bora, Kifaransa bora, na kufaulu mtihani. Wenzetu hupeleka barua, huitwa, huketi katika chumba kimoja na waombaji wengine wengi, na mtihani unaanza.

Mtihani wenyewe unajulikana hata kabla ya kuufikia. Ni aya ya Kifaransa ya maneno kama mia tatu, dakika 45, bila kamusi, bila simu, bila kuuliza. Msahihishaji huhesabu makosa ya tahajia na ya upatanisho wa ngeli, na mwenye makosa machache anapewa kazi. Maoni yangu ni kwamba mtihani huo hauchagui mwandishi wa maelekezo. Unachagua mwanafunzi mzuri wa kitivo chetu, na hao ni watu wawili ambao hukutana mara chache katika mwili mmoja.

Tuelewane kwanza juu ya mtu ninayemzungumzia. Mwandishi wa maelekezo ndiye aliyeandika karatasi iliyokunjwa ndani ya katoni ya taa ya sola, ubao ulio mlangoni mwa karakana, mistari iliyo juu ya pakiti ya dawa ya maji, hatua unazozisoma kwenye simu unapotuma pesa. Jina lake halionekani popote. Msomaji wake hasomi kwa raha. Anasoma amesimama, mkono mmoja umeshika kitu, mtoto analia au mkubwa wa kazi anamngoja. Uzuri wa sentensi hataukumbuka. Atafanya lililoandikwa, au atalifanya vibaya, au ataacha karatasi na kumwita jirani.

Chukua mfano mdogo ambao nyumba nyingi za Katanga zilizopitia msimu wa kolera zinaujua, yaani kidonge cha klorini cha kutia katika maji. (Vitabu vinasema kipindupindu. Nitarudi kwa jambo hilo.) Kidonge cha Aquatabs cha miligramu 67 ni cha lita 20 za maji, na baada ya kukitia unangoja dakika 30 kabla ya kunywa. Kifaransa husema haya kwa mistari miwili: kidonge kimoja kwa lita 20 za « eau claire », kingoje dakika 30, kisimezwe. Mwanafunzi wa mwaka wa pili atatafsiri bila kosa hata moja: « Tia kidonge kimoja katika lita 20 za maji safi. Kiache kifanye kazi kwa dakika 30. Usikimeze. » Msahihishaji atatoa alama zote. Mimi ningetoa nusu.

Shida ya kwanza ni hayo maji safi. « Eau claire » ni maji yasiyo na tope, maji ambayo ukiyatia katika glasi unaona vidole vyako upande wa pili. Vijidudu vya kolera vinaweza kuwa humo kwa wingi. Lakini kwa msomaji wetu, maji safi ni maji ya kunywa. Nilimsomea sentensi hiyo jirani yangu, mama mmoja anayeuza makala (mkaa, ndugu msomaji wa pwani, si haya ninayoyaandika). Alinitazama kama mtu anayetaka kunihurumia, akauliza: « Kama mayi iko safi, dawa ni ya nini? » Swali lake ni sahihi kuliko tafsiri. Anayefuata sentensi ile kwa akili yake yote ana njia mbili: kuacha kutia kidonge kwa sababu maji yake tayari anayaona safi, au kutia kidonge katika maji ya tope kwa sababu hayo ndiyo anayaona machafu, na katika maji ya tope kidonge kimoja hakifanyi kazi kama inavyotakiwa, mpaka yachujwe kwanza.

Shida ya pili ni ya sarufi, na hapa ningependa walimu wetu wanisikilize kwa subira. « Kiache » na « usikimeze » zinabeba jina la kitu ndani ya silabi moja, *ki*. Kiswahili sanifu kinaweza kufanya hivyo kwa sababu ngeli zake zinafanya kazi ya kidole kinachoonyesha: *ki* ni kidonge, *ya* ni maji, huwezi kupotea. Lakini katika mazungumzo ya Lubumbashi upatanisho huo umepungua sana. Tunasema « kidonge ile », « maji iko ». Mtu aliyezoea hivyo anaposoma « kitie ndani yake, kisha uyafunike » anapaswa kusimama na kutafuta nani ni *ki* na nani ni *ya*. Mwandishi anayejua kazi atarudia jina bila aibu: tia kidonge ndani ya maji, funika maji, usimeze kidonge. Mwalimu wa insha ataandika pembeni kwa wino mwekundu kwamba neno limerudiwa. Ndiyo, limerudiwa, na ni vizuri.

Shida ya tatu si ya lugha. Lita 20 ni kiasi gani kwa mama huyu? Bidoni ya manjano, sawa, lakini kuna bidoni za 20, za 25, za 10, na alama ya lita haiko kila mara. Na dakika 30 kwa mtu asiye na saa, simu imezimika tangu umeme ulipokatika? Mwandishi anayetafsiri hawezi kuyaona maswali haya kwa sababu hayako katika Kifaransa. Yako katika nyumba.

Ningeweza kuongeza neno *kutosha*. « Kidonge kimoja kinatosha bidoni moja » ni Kiswahili kisicho na doa. Hapa kwetu mtoto akiambiwa « tosha viatu » anavua viatu, kwa sababu kutosha kwetu ni kuondoa, na kitu kikiwa cha kutosha tunasema kinaenea. Sisemi kwamba msomaji hataelewa kabisa. Nasema atasita, na katika maelekezo mahali pa kusita ndipo ajali zinapotokea.

Mwaka jana niliketi katika mtihani wa shirika moja ambalo sitalitaja. Aya yake ilihusu maji ya nyumbani, jambo karibu sana na hili. Nilinyoosha mkono nikauliza karatasi hii itasomwa na nani, na watu hao wanachotea maji katika chombo gani. Msimamizi, kijana mwenye adabu, alijibu kwamba maswali hayaruhusiwi, ili waombaji wote wawe sawa. Nilielewa nia yake. Katika nchi ambapo kazi hutolewa mara nyingi kwa mtoto wa dada, usawa ni neno zito na mtu asilicheke. Lakini kwa kukataza maswali walikuwa wamekataza kazi yenyewe. Ni kama kumpima fundi wa cherehani huku umemzuia asichukue vipimo vya mteja. Mwandishi wa maelekezo, kwa hesabu yangu, hutumia muda mwingi zaidi kuuliza kuliko kuandika: anamuuliza muuguzi, anamuuliza injinia, anamuuliza mlinzi, kisha anaandika nusu ukurasa. Usawa ungepatikana vilevile kama kila mwombaji angepewa dakika kumi za kuuliza na majibu yaandikwe.

Zaidi ya hayo, kile mtihani ule unachopima, simu iliyozuiwa mlangoni sasa inakifanya. Google Translate ina Kiswahili tangu 2009, na programu mpya zinatafsiri aya ya maneno mia tatu kabla hujamaliza kufungua kalamu, kwa tahajia safi na ngeli zilizonyooka. Zitaandika « maji safi » kama sisi. Mwajiri akiendelea kutafuta mtu kwa kipimo ambacho mashine inakifaulu, siku moja atauliza kwa nini analipa mtu.

Najua nini kitasemwa katika ukumbi wetu. Kitasemwa kwamba nataka kuua Kiswahili sanifu, kwamba kesho karatasi za hospitali zitaandikwa kwa lugha ya kituo cha taksi. Sitaki hivyo, na nimeona makaratasi ya aina hiyo. Yanachekesha, kisha hayasomeki. Maandishi si mazungumzo. Mtu yule yule anayesema « benye kuuza » sokoni anapoona neno hilo limeandikwa juu ya karatasi ya serikali anadhani anadhihakiwa. Wengi wamejifunza kusoma kwa tahajia ya shule na ya kanisa, na macho yao yamezoea sura ile. Kwa hiyo mwandishi mzuri anashika tahajia sanifu, anashika muundo wa sentensi ulio wazi, na ndani yake anachagua maneno ambayo mji unayatumia: kolera, si kipindupindu, bidoni, si dumu. Kujua wapi uende na pwani na wapi ubaki nyumbani ni ujuzi, na ni ujuzi ambao kitivo cha lugha za Kiafrika kingepaswa kuuza kwa bei ya juu. Mtihani wa tafsiri hauuoni kabisa. Kinyume chake, anayeandika « kolera » anaweza kukatwa alama.

Hili si suala la ladha. Mlipuko wa Ebola wa mashariki ya nchi yetu, uliotangazwa Agosti 2018 na kumalizika Juni 2020, ulipata watu 3,470 na kuua 2,287. Wakati ule ule shirika la Translators without Borders lilikwenda Kivu ya Kaskazini kusikiliza watu wanaelewa nini katika yale waliyokuwa wakiambiwa na kusomewa. Lilikuta jambo ambalo mtu wa Beni angelisema bure: Kifaransa na Kiswahili cha vitabu viliwaacha wengi nje, na watu hawakutaka amri peke yake, walitaka pia kuelezwa sababu. Katiba ya Februari 2006 inakitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba. Haisemi ni Kiswahili cha nani, na labda ni afadhali. Lakini anayeajiri mwandishi kwa ajili ya watu fulani analazimika kujibu swali hilo kabla ya kuandika mtihani.

Wapo waajiri waliokwisha kuona tatizo na kutafuta kipimo cha hesabu. Wanachukua kanuni za usomekaji zilizotengenezwa kwa Kiingereza, hasa ile ya Rudolf Flesch ya 1948, inayohesabu urefu wa sentensi kwa maneno na urefu wa maneno kwa silabi. Maneno yenye silabi nyingi, matini ngumu. Sasa hesabu « usikimeze »: neno moja, silabi tano. Kiingereza kingetumia maneno manne mafupi kusema hilo hilo. Kwa Flesch, karibu kila kitenzi cha Kibantu ni kigumu, na matini ya mtoto wa darasa la tatu itaonekana kama waraka wa mahakama. Jaribio la Wilson Taylor la 1953, la kufuta neno kila baada ya maneno kadhaa na kumwacha msomaji ajaze pengo, ni bora kidogo kwa sababu linamhusisha msomaji. Hata hilo linataka kurekebishwa: katika Kiswahili, ukifuta « watakapoyachemsha » hujafuta neno, umefuta mtenda, wakati, maji na jiko. Hapa kuna mada ya utafiti kwa yeyote anayetafuta. Naiacha mezani.

Sasa niseme jinsi mtihani ungekuwa, maana ni rahisi kulalamika.

Weka kitu mezani, si aya. Kitu cha kweli: mita ya umeme ya kulipia kabla, ile ambayo mteja anapaswa kuingiza tarakimu 20, au pakiti ya chumvi na sukari ya kuharisha, ile ya SRO, au kizima moto. Karibu na kitu, mweke mtu anayekijua: fundi, muuguzi. Usimpe mwombaji karatasi yoyote iliyokwisha kuandikwa. Mpe robo saa ya kumuuliza mjuzi, na mtu mmoja wa jopo akae pembeni akiandika maswali yanayoulizwa. Mimi naamini sehemu hii peke yake ingetosha (ingeenea!) kutenganisha waombaji. Wako watakaouliza majina ya vipande vyote na kuyaandika kwa utaratibu mzuri. Wako watakaouliza: watu hukosea wapi? Nini hutokea wakikosea? Hawa wa pili ndio unaowatafuta.

Tuchukue SRO. Pakiti moja ni ya lita moja ya maji. Muuguzi hatakumbuka kukuambia kwamba watu huichanganya katika kikombe, kidogo kidogo, kwa sababu mtoto hanywi lita nzima kwa mara moja. Kwake ni jambo linalojulikana. Ukimuuliza ndipo atakueleza kwamba maji yakiwa machache chumvi inazidi, na chumvi ikizidi mtoto anayeharisha anaweza kudhurika badala ya kupona. Halafu unauliza: nyumbani lita moja wanaipima kwa nini? Chupa kubwa ya bia haifiki lita. Chupa kubwa ya maji ya dukani mara nyingi ni lita moja na nusu. Kumbe sentensi ya maana zaidi katika karatasi nzima ni ile ya kipimo, na bila maswali isingeandikwa, au ingeandikwa « lita moja » na kuachwa hapo.

Baada ya maswali, saa moja ya kuandika. Ukurasa mmoja, usizidi. Kamusi iruhusiwe, simu iruhusiwe, mashine ya kutafsiri iruhusiwe. Kazini atakuwa nazo. Kisha, na hapa ndipo waajiri hukunja uso, mlete msomaji. Asiwe profesa. Awe mlinzi wa lango, mama anayepika chakula cha wafanyakazi, kijana wa kabini ya kutuma pesa. Mpe ukurasa na kitu, umwombe afanye huku akisema kwa sauti anachofikiri. Mwombaji asimame nyuma, mdomo umefungwa. Ni dakika chungu. Utamwona msomaji akiruka hatua ya pili, akirudi, akigeuza pakiti, akimtazama mtu usoni kuomba msaada. Halafu mpe mwombaji dakika ishirini za kuandika upya. Rasimu ya pili ndiyo nyaraka muhimu kuliko zote, kwa sababu inaonyesha kama mtu alimwona msomaji au alijiona mwenyewe. Atakayesema msomaji hakusoma vizuri, mshukuru na umsindikize.

Alama zitolewe na watu wawili, bila majina juu ya karatasi, kwa vigezo vilivyoandikwa kabla ya siku yenyewe: msomaji alikamilisha hatua ngapi, alikwama wapi, hatari ilitajwa kabla ya kitendo au baada yake, rasimu ya pili ilibadilisha nini. Tahajia iwe humo pia. Sijaifuta, nimeitoa kitini pa mbele tu.

Fikra ya kumpima mtu kwa kipande cha kazi yenyewe si yangu. Frank Schmidt na John Hunter walikusanya mwaka 1998 tafiti za miaka 85 juu ya njia za kuchagua wafanyakazi. Katika hesabu yao, ambapo 0 ni kubahatisha na 1 ni kutabiri bila kosa, sampuli ya kazi ilipata 0.54 na miaka ya uzoefu 0.18. Paul Sackett na wenzake walipopiga hesabu upya mwaka 2022 walipunguza makadirio mengi; sampuli ya kazi ilishuka hadi 0.33, na mahojiano yenye maswali yaliyopangwa mapema yakapanda juu kabisa kwa 0.42. Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba sampuli ya kazi ni dawa ya kila ugonjwa. Iunganishwe na mahojiano yaliyopangwa. Lakini tazameni tena tangazo kwenye ukuta wetu: ile « miaka mitano ya kazi » inayowafungia nje vijana wa miaka 24 ilikuwa karibu na mkia tangu 1998.

Pingamizi la gharama ni la kweli. Waombaji sitini kwa nafasi moja, kila mmoja na msomaji wake na robo saa ya muuguzi, haiwezekani. Basi chuja kwanza. Wape wote karatasi moja ya maelekezo iliyoharibiwa makusudi, onyo limewekwa mwisho, hatua mbili zimegeuzwa, jina la kitu kimoja limeandikwa kwa namna tatu, na umwombe kila mmoja aitengeneze kwa nusu saa na aeleze alichobadilisha. Unasahihisha haraka, unabaki na watu sita, na hao sita ndio unaowapa siku nzima. Siku moja ya watu sita ni rahisi kuliko kuchapisha maelfu ya karatasi ambazo hakuna atakayezifuata.

Kuna jambo jingine ambalo wengi wetu tunalijua na hatulisemi. Baadhi ya hiyo « mitihani » si mitihani. Kila mwombaji anapewa kurasa tofauti, kurasa kumi huyu, kurasa kumi yule, za kwenda kutafsiri nyumbani kwa wiki moja. Baadaye hakuna anayeitwa, na kijitabu kinatoka, na ndani yake unaona sentensi uliyoitunga usiku kwa mwanga wa mshumaa. Sina ushahidi wa kupeleka popote na simtaji mtu. Lakini kanuni ni rahisi kuiweka: mtihani uwe juu ya kitu ambacho mwajiri hatakichapisha, usizidi siku moja, na ukizidi saa tatu ulipwe. Mwashi anayejaribiwa siku nzima kwenye kiwanja hupewa angalau chakula na nauli. Kwa nini mwandishi arudi Katuba kwa miguu? Na kwa kuwa katika kazi hii hakuna anayetia saini, mwajiri amruhusu mwombaji aliyeshindwa kuondoka na nakala ya alichoandika, ili awe na kitu cha kuonyesha mahali pengine.

Nimewasema waajiri kwa kurasa nzima, na pengine wanasoma wakijiuliza walijifunza wapi mtihani wao. Walijifunza kwetu. Aya ya Kifaransa, dakika chache, bila maswali, makosa yakihesabiwa: huo ndio mtihani wa mwisho wa somo letu la tafsiri, na mkuu wa idara ya wafanyakazi katika shirika lile huenda aliufanya katika benchi hizi hizi. Tunajifunza fonolojia ya toni, na ni sawa, mimi mwenyewe naipenda kuliko kula. Tunajifunza ngeli za Meinhof. Lakini katika miaka yangu yote hapa sijawahi kuombwa kuandika kitu ambacho mtu mwingine alitakiwa kukifanya, kisha kukaa kimya na kumtazama akikifanya. Tukitoka, tunashindana na mwenye diploma ya uuguzi ambaye Kiswahili chake kina makosa lakini anajua mama atauliza nini, na mara nyingine anatushinda kwa haki.

Ninachoomba hakihitaji bajeti. Katika somo la isimu tumizi, semesta ijayo, nusu ya alama zitolewe kwa karatasi moja ya maelekezo iliyojaribiwa mbele ya msomaji wawili au watatu wasio wa kitivo hiki. Mwalimu asikilize maswali, asome rasimu zote mbili. Wasomaji tunao: wapishi, walinzi, akina mama wa langoni wanaouza mikate na beignets. Kitu cha kuandikia nacho tunacho. Maelekezo ya kujiandikisha yaliyobandikwa kwenye mlango wa sekretarieti yana hatua saba, kwa Kifaransa peke yake, na kila mwanzo wa mwaka wa masomo mstari wa wanafunzi wapya wanaouliza juu ya hatua ya tatu unatoka mlangoni hadi chini ya mwembe. Mimi niko tayari kuyaandika, na mwenzangu yeyote anayetaka kushindana nami aje na rasimu yake. Msomaji atakayetupima tumchague kutoka ule mstari.